Mateka wa Saratoga, 1777–1783

Kwa kawaida ya Kiswahili mateka si sawa na mfungwa. Mateka hana kosa ila kushindwa vitani. Mfungwa amefungwa kwa kosa lake. Na haini hapewi hata heshima ya adui. Tofauti ya majina kama hiyo ilikuwa kiini cha mzozo mkubwa katika vita vya uhuru wa Marekani. Serikali ya Uingereza iliwahesabu wapiganaji wa makoloni kuwa waasi, na sheria ya mwaka 1777 iliruhusu wawekwe ndani pasipo kuhukumiwa. Maelfu yao walikufa katika merikebu kuukuu zilizotia nanga karibu na New York, mojawapo ikiitwa Jersey.

Baraza Kuu la makoloni nalo lilipata mateka wake. Huko Trenton, tarehe 26 Desemba 1776, Washington aliteka askari wa Kijerumani wapatao 900 waliokodiwa na mfalme wa Uingereza. Walipelekwa Pennsylvania, na wengi walifanya kazi kwa ujira katika mashamba ya watu waliosema lugha yao.

Jambo la Saratoga lilikuwa zito zaidi. Tarehe 17 Oktoba 1777 jemadari Burgoyne aliweka silaha chini mbele ya jemadari Gates, pamoja na watu karibu 6,000. Burgoyne alikataa tendo hilo lisiitwe kusalimu amri, likaitwa mapatano. Kwa mapatano hayo askari wake wangerudi Uingereza, kwa sharti la kutopigana tena Amerika ya Kaskazini katika vita vile.

Baraza Kuu liliona mtego. Askari hao wakifika kwao wangeshika zamu za wenzao, na wenzao wangevushwa bahari kuja kupigana. Basi tarehe 8 Januari 1778 likazuia safari mpaka serikali ya Uingereza ithibitishe mapatano. Hapo palikuwa na fundo: kuyathibitisha kulikuwa karibu sawa na kukiri kwamba Baraza lile ni serikali halali. Askari wakabaki.

Kwanza walikaa karibu na Boston, ambako chakula na kuni vilikuwa haba. Novemba 1778 waliondolewa kwa miguu, mwendo wa kilomita zaidi ya 900, na Januari 1779 wakafika karibu na Charlottesville, Virginia, wakakuta theluji na vibanda visivyokwisha kujengwa. Walilima bustani, wakafuga kuku. Palipotolewa shauri la kuwahamisha tena, Thomas Jefferson alimwandikia gavana Patrick Henry, Machi 1779, akipinga: kuwahamisha kungevunja imani, na kupunguza ukali wa vita ni faida ya wanadamu wote. Hata hivyo, kuanzia mwisho wa 1780, vita vilipoikaribia Virginia, walihamishiwa kaskazini. Wengi walitoroka, na Wajerumani kadhaa wakafanya maskani huko huko.

Taifa changa, basi, lilitaka litambuliwe kwa heshima ya neno lake, nalo likalizuia neno hilo lilipoonekana ghali. Lakini fundisho halikupotea. Mkataba wa Marekani na Prussia wa mwaka 1785, ambao Jefferson alikuwa mmoja wa waliotia sahihi, ulikataza mateka wasitiwe minyororo wala kuwekwa merikebuni, ukaamuru wapewe malazi na posho kama za askari wa upande uliowateka. Masharti hayo yaliandikwa wakati wa amani, kabla ya yeyote kujua nani atakuwa mateka wa nani.