Kibano cha Noti na Nyimbo Zilizopotea

Mwaka 2025 kitabu cha mwanahistoria Terence Ranger kuhusu ngoma ya beni kilitimiza miaka 50, na hadi leo anayeandika juu ya bendi za matarumbeta Afrika Mashariki huanzia hapo. Humo sare, vyeo na gwaride vimepewa nafasi kubwa. Mimi naona kifaa kidogo zaidi ndicho kilichoamua muziki upi udumu: kibano cha chuma kinachokazwa kwa skrubu kwenye tarumbeta, kikishika kadi ya noti mbele ya macho ya mpigaji huku akitembea. Kadi ina ukubwa wa sentimita 13 kwa 18 hivi, na wimbo mzima wa gwaride umebanwa humo. Mpiga filimbi hujifunga chake mkononi.

Bendi zilifika pwani kupitia majeshi, masultani wa Zanzibar na wamisheni wa Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Tangu miaka ya 1890 vijana wa mijini walichukua walichokiona wakakifanya chao, ndiyo beni. Mombasa kukawa na vikundi vya Kingi na Scotchi. Tanganyika, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na mfalme na majenerali wake, na ushindani ulikuwa wa mavazi, wa karamu zilizomaliza mali, na wa mashairi ya kumkejeli mpinzani hadharani. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza beni hadi Ziwa Nyasa, ambako wachezaji wa ngoma ya malipenga huimbia ndani ya vibuyu vilivyotengenezwa mfano wa tarumbeta. Gwaride liliigwa, vyeo vikaigwa. Kadi ya noti haikufuata. Kejeli nyingi zilizotikisa mitaa ya Mombasa zimezikwa pamoja na waliozikariri.

Yupo atakayesema beni haikuhitaji karatasi, na kwamba bendi bora hupiga bila kutazama kadi. Ni kweli, na tungo za papo kwa papo zingedumaa zikifungwa kwenye noti. Hata hivyo kilichokaririwa hukaa na aliyekariri, na akifa bila mwanafunzi hakuna pa kukirejea. Tazama wimbo wa taifa la Kenya. Mwaka 1963 Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake waliuchukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, wakautengeneza na kuuandikia noti. Kwa hiyo mtoto wa Embulbul, Kajiado, akijua kusoma noti, anaweza kuupiga sawasawa na bendi ya jeshi. Inauma basi bendi ya shule inaponunuliwa sare na ngoma mpya bila mtu yeyote kulipwa aziandike nyimbo za wazee wa hapo. Bajeti ianze na mwalimu wa noti, kadi, na kibano kwa kila tarumbeta. Kofia za manyoya zinaweza kungoja.