Mvinyo wa Mgomba: Kinywaji cha Ngara na Biharamulo

Mgomba asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Ulivuka Bahari ya Hindi, ukapanda bara hata ukafika magharibi ya Ziwa Viktoria. Huko Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, katika nchi ya Wahangaza, Washubi na Wazinza, ndizi ilishika mahali ambapo kwingine pameshikwa na zabibu. Kinywaji chake Wahaya hukiita rubisi. Warundi, urwarwa; Wanyarwanda, urwagwa.

Si kila ndizi hufaa. Ziko za kupikwa na maharage, na ziko za pombe, ambazo zikiwa mbichi zina ukakasi mithili ya ule wa divai nyekundu kali. Hizo hukatwa zikishakomaa, zikafukiwa shimoni ndani ya majani ya mgomba hata ziive. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na nyasi, au hukanyagwa kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti. Maji yanayochujwa ni matamu, hata mtoto huyanywa. Yakitiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa usiku na mchana, huumuka yakawa makali, yenye rangi ya hudhurungi. Nyama ya mbuzi ya kuchoma huandamana nayo vyema.

Lakini thamani yake haimo katika ulevi tu. Posa, msiba, malipo ya waliosaidia kulima, suluhu ya waliogombana: yote yalihitaji mtungi. Kunywa kwa mrija katika chombo kimoja kulikuwa ushahidi wa kuaminiana.

Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria ulibainika Kagera, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Wadudu huuchukua kutoka ua hadi ua, na visu huueneza shamba hadi shamba. Ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Iliyodhurika mno ni Pisang Awak, ndizi ya pombe ambayo Waganda huiita kayinja. "Pisang" ni neno la Kimalei, maana yake ndizi: jina lingali lanukia bahari iliyouleta mmea huo.

Wakulima walifundishwa kung'oa migomba iliyougua, kusafisha visu, na kulivunja ua la mwisho wa mkungu kwa kijiti chenye panda, pasipo kulikata. Kwa kijiti hicho hulindwa shamba, na pamoja nalo mtungi wa posa na wa suluhu.