Wavulana 18 wa Maskati

Mwaka 1873 Sultani Turki wa Maskati alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, lakini majahazi hayakuacha kuisafirisha kwa siri. Mwaka 1896 wavulana 18 Waafrika waliookolewa katika biashara hiyo walikabidhiwa kwa Peter Zwemer, mmisionari Mmarekani mjini humo. Hati ya uhuru haishibishi tumbo: walihitaji chakula, malazi na elimu, naye akawaanzishia shule. Hapo imani ilipimwa kwa sufuria na ubao kuliko kwa mahubiri. Zwemer alifariki mwaka 1898. Habari za watoto hao zimetufikia kwa kalamu ya wamisionari. Waliofunguliwa minyororo bado wanasemewa, na haki yao ingali nusu.