Wimbo na Wakati Wake: Uteuzi wa Nyimbo katika Mbulu na Hanang

Kupanga nyimbo kwa kufuata hali ya moyo au shughuli iliyopo, jambo ambalo leo hufanyika kwa kugusa kioo cha simu, kuna historia ndefu katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ingawa katika sehemu kubwa ya historia hiyo mpangaji hakuwa mtu mmoja, wala wimbo haukuteuliwa kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja. Katika nchi hii iliyo kati ya bonde la Ziwa Eyasi na Mlima Hanang wameishi kwa ujirani Wairaqw, wakulima na wafugaji wenye lugha ya Kikushi; Wadatoga, hasa tawi lao la Wabarbaig, ambao ni wafugaji wa asili ya Kiniloti; na Wahadza wa Yaeda Chini, walioishi kwa kuwinda na kukusanya mizizi, matunda na asali. Kila jamii ilikuwa na taratibu zake za kuamua sauti gani ipazwe, lini, wapi na kwa kinywa cha nani.

Kwa Wairaqw mfano ulio wazi zaidi ni slufay, yaani ushairi wa dua unaotamkwa na mzee mwenye ufasaha, hasa mkutano unapofikia mwisho au watu wanapokaa penye pombe, huku waliohudhuria wakiitikia kwa pamoja kila mstari unapokamilika. Ndani yake mzee huomba mvua, uzazi na afya, humwita Looaa, Mungu ambaye Wairaqw humhusisha na jua, na huyaamuru maradhi na laana yaihame nchi. Kwa kuwa dua hiyo husimama juu ya kiitikio, haikuwezekana kusemwa na mtu aliye peke yake, na mwitikio wa wote ulikuwa ushahidi kwamba waliokusanyika wamekuwa kitu kimoja. Ukimya nao ulikuwa sehemu ya mpangilio huohuo, kwani nyumba iliyopatwa na kifo au jambo jingine lililohesabiwa kuwa unajisi iliingia katika metimani, yaani kutengwa kwa muda, ambapo wenyeji wake hawakunywa pombe na majirani wala kujumuika nao.

Wahadza walilifungamanisha tendo la kuimba na giza lenyewe. Ngoma ya epeme huchezwa usiku usio na mbalamwezi, mioto ikiwa imezimwa, mwanamume mmoja mmoja akicheza kwa njuga za mguuni na kayamba mkononi, na wanawake wakimwimbia pasipo kumwona.

Hata hivyo, hakuna mahali ambapo wimbo ulishikamana na ardhi kuliko katika bung'eda ya Wabarbaig, yaani maziko ya heshima ya mzee mashuhuri, ambayo yaliweza kuendelea kwa miezi tisa hivi, kaburi likiinuliwa polepole kuwa mnara wa udongo na miti, hadi siku ya kilele ambapo koo nyingi zilikusanyika kwa nyimbo na michezo. Kaburi hilo lilibaki kuwa mahali pa kurejewa, na kwa hiyo pigo lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa zito kuliko hesabu ya malisho yaliyopotea. Mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyosimamiwa na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada, yalipanuka hadi kufikia mashamba saba yenye takriban ekari 100,000, na matrekta yaliyalima hata makaburi ya bung'eda. Historia ya muziki wa Hanang haina budi kulihesabu tendo hilo, kwa sababu pale kaburi liliposawazishwa, wimbo uliolihusu uliachwa bila mahali pa kuimbiwa.

Katika kipindi hichohicho redio ilikuwa inaingia vijijini. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kuanzia mwaka 1965 chombo cha taifa kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kikitangaza kwa Kiswahili, kwa hiyo aliyekuwa na redio ya betri huko Dongobesh au Katesh alipokea mpangilio uliotungwa mbali na kwa lugha isiyokuwa ya nyumbani kwake. Asubuhi, mchana na jioni zilipewa rangi zake. Wagonjwa waliolazwa hospitalini walipelekewa salamu na nyimbo katika kipindi cha Ugua Pole. Na kadi za salamu, ambazo msikilizaji alizijaza majina ya ndugu na marafiki na kuzituma kwa posta, zilimpa mtu wa kijijini nafasi ndogo ya kuungana na wateuzi. Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, redio iliweka kando muziki wa starehe na kupiga nyimbo za maombolezo, nchi nzima ikaingia katika aina ya katazo ambalo wazee wa Mbulu hawakuhitaji kufafanuliwa.

Kanda za kaseti ndizo zilizompa mtu binafsi uwezo wa kupanga mwenyewe, kwa kuwa mwenye redio kaseti aliweza kunasa wimbo ukiwa hewani au kulipa anakiliwe nyimbo alizozitaja, upande mmoja ukiwa wa dansi na wa pili wa kwaya. Kwaya za Kikatoliki na za Kilutheri zilikuwa tayari zimewazoeza waumini mpangilio mwingine, ule wa kalenda ya Kanisa, ambao hutenga nyimbo za Majilio, Kwaresima, Pasaka na mazishi, na huohuo husikika hadi leo katika Radio Habari Njema ya Jimbo Katoliki la Mbulu. Baada ya kanda zilikuja kadi za kumbukumbu, zilizojazwa nyimbo kwenye vibanda ambavyo pia huchaji simu, na mteja akaacha kutaja wimbo mmoja mmoja akaanza kutaja aina: za injili, za Bongo Fleva, za Kiiraqw.

Harusi ndiyo inayoonyesha vyema jinsi taratibu hizi zinavyoishi pamoja. Dijei huja na maelfu ya nyimbo, lakini ratiba ya kuingia maharusi, kukata keki na kutoa zawadi hupitiwa kwanza na kamati ya sherehe, ambayo huamua ni wakati gani ngoma ya upande wa bibi harusi ipewe nafasi, na wazee wasemapo dua, spika huzimwa ili waitikiaji wasikike.