Daftari la Wapiga Kura
Ewe kijana wa Kisii au Nyamira, usidhani kuwa kura ilikuwa haki ya kila mtu tangu zamani. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, mtu aliandikishwa kwa kupimwa elimu, mapato, mali au utumishi wake; mwenye sifa nyingi alipata hata kura tatu. Mkulima wa vilima vya Gusii asiyetimiza sharti lolote aliachwa nje. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1961, yakaondolewa mwaka 1963.

Hata hivyo, daftari lataka kulindwa. Mwaka 2008 Tume ya Kriegler ilikisia kuwa lilikuwa na wafu milioni 1.2, na jina la marehemu ni mlango wa mwizi wa kura. Basi ukitimiza miaka 18, jiandikishe, kisha ukalikague jina lako.