Tufaha la Bramley na Majina Tuliyoyasahau

Ndugu zangu wa ukoo,

Wajukuu wangu hapa Uingereza hupenda matufaha ya kuoka, yaliyofunikwa kwa chenga za unga, siagi na sukari. Mwokaji wao ni mimi, tangu nilipostaafu utumishi wa serikali. Hutumia tufaha liitwalo Bramley: kubwa, la kijani, kali mno kuliwa bichi, lakini likipata moto hulainika likawa kama povu.

Historia yake inatuhusu. Mwaka 1809, mjini Southwell katika jimbo la Nottinghamshire, msichana Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha. Mti ukaota. Mwaka 1846 nyumba ile ikanunuliwa na muuza nyama, Matthew Bramley. Mwaka 1856 kijana Henry Merryweather akaomba vitawi vya kupandikiza. Bramley akakubali, kwa sharti kwamba matunda yaitwe kwa jina lake. Ndivyo yaitwavyo hadi leo. Aliyepanda ni mwingine.

Nakiri kwamba nami nimetenda kosa kama hilo. Orodha ya ukoo niliyoiandika kwa mkono wangu ina mababa na mababu peke yao. Bibi, aliyewafundisha mama zetu mkate wa kumimina, hayumo.

Kwa hiyo nawaomba: kila atakayehudhuria mkutano wetu aje na majina ya mama yake, bibi zake, na mama wa bibi zake. Nitaiandika orodha upya, kabla nami sijasahau.