Kiswa Kilichoteremshwa Forodhani

Mtu aliyelelewa pwani, ambaye amezoea kuona kila kitambaa cha thamani kikiteremshwa forodhani, hatastaajabu akiambiwa kwamba hata kiswa, vazi la Al-Kaaba, kwa miaka mingi kilikuwa kikiteremshwa melini katika bandari ya Jeddah. Kilifumwa na kutariziwa Kairo, katika karakana ya serikali mtaani Al-Khurunfish, na zama za misafara ya ngamia zilipopita kikasafirishwa kwa bahari kutoka Suez, pamoja na mahmal, kile kibanda cha heshima cha kubebwa na ngamia, na askari wa kukilinda.

Fahari hiyo ya Misri ilikatika kwa ugomvi. Abdulaziz bin Saud, mwasisi wa Saudi Arabia, aliyeanza kwa kuitwaa Riyadh mwaka 1902 na kuiingiza Jeddah mikononi mwake mwishoni mwa 1925, aliona katika hija ya 1926 Ikhwani, wapiganaji wake wa Najd, waliochukizwa na baragumu za msafara wa Misri, wakipigana na askari wa msafara huo. Mwaka uliofuata kiswa hakikuletwa, naye akaamuru karakana ijengwe Makka na mafundi waletwe kutoka Bara Hindi pamoja na vitanda vyao vya mfumi. Misri ilirejea mwaka 1936. Lakini mwaka 1962, Riyadh na Kairo zilipohasimiana tena, kiswa kilichokwisha kufika Jeddah kilirudishwa kama kilivyokuja, na tangu hapo Misri haikukileta tena.

Mimi, hata hivyo, huvutwa na kazi yenyewe kuliko siasa zake. Hariri hutiwa rangi nyeusi, maandishi hupigwa chapa juu yake, kisha fundi hutandaza nyuzi za pamba juu ya kila herufi, tabaka juu ya tabaka, akizibana kwa sindano mpaka herufi iinuke. Ndipo huifunika pamba hiyo kwa uzi wa fedha uliopakwa dhahabu, kwa mkono usiolegeza wala kukaza mno. Mshona kofia wa Lamu angeielewa kazi hiyo kabla ya kuelezwa. Mkanda wa kiswa, wenye urefu wa mita 47, hukaa juu sana katika vazi la mita 14, hata anayetufu huona mng'aro tu. Mwaka 2025 kiswa kizima kilionyeshwa Jeddah, katika jengo la mahujaji la uwanja wa ndege, kwenye maonyesho ya sanaa za Kiislamu, na watu wakapata kuona kimo cha pamba chini ya dhahabu.